Ndege Iliyochekwa

Miaka ya 1970, marubani wa Marekani walikuwa na utani wao kuhusu Cessna Citation. Walisema ni jeti pekee duniani ambayo ndege wa porini huigonga kutoka nyuma. Wengine waliiita Slowtation. Wengine waliiita Nearjet, wakiilinganisha na Learjet, mashine iliyokuwa fahari ya kila tajiri wa wakati ule: ati hii nyingine ilikaribia kuwa jeti, ila haikufika.

Leo Learjet haitengenezwi tena. Ya mwisho ilikabidhiwa mnunuzi Machi 2022, na laini ikafungwa. Citation bado zinaundwa, na kuna zile za miaka ya sabini ambazo bado zinapaa, nyingine zikiwa na injini ambazo hazikuwepo hata kwenye ndoto za waliozichora. Ndege hizi mbili zilizaliwa mji mmoja, Wichita, jimbo la Kansas, katika muongo mmoja. Mimi si rubani na sina hata hisa ya propela, lakini nimekulia Lang'ata chini ya kelele za Wilson, na nimejiuliza mara nyingi ni nini hufanya mashine moja izeeke vizuri na nyingine izeeke vibaya. Hadithi ya Wichita ina jibu, na jibu lenyewe linahusu pesa, sheria na hewa kuliko kasi.

Tuanze na yule wa kasi.

William Powell Lear alizaliwa Hannibal, Missouri, mwaka 1902. Alikuwa fundi na mvumbuzi wa aina ambayo haitulii. Alishughulika na redio za magari, akaunda mitambo ya kuiongoza ndege yenyewe bila mkono wa rubani, na baadaye akatuletea ule mkanda wa muziki wa njia nane wa kwenye magari. Alipokaribia miaka 60, wakati wenzake wanatafuta shamba la kustaafia, yeye alienda Uswisi kutafuta ndege.

Waswisi walikuwa wameunda ndege ya kivita iitwayo P-16. Mwaka 1958 moja ilianguka ziwani Constance, na serikali ikafuta oda ya ndege 100. Kwa hiyo kukawa na kiwanda, kuna wahandisi, kuna bawa zuri sana, na hakuna mteja. Lear alichukua wazo la bawa hilo akasema hii haitabeba mabomu, itabeba wakurugenzi wa makampuni. Alianzia kazi huko Uswisi, mambo yakaenda polepole kuliko subira yake, na mwaka 1962 akahamishia mradi Wichita.

Tarehe 7 Oktoba 1963, Learjet 23 ilipaa mara ya kwanza. Injini zake mbili zilikuwa General Electric CJ610, na hapa ndipo msomaji wa Kenya anaweza kuinua kichwa. CJ610 ni ndugu wa kiraia wa injini ya kijeshi J85. J85 ndiyo iliyosukuma kombora la chambo lililoitwa Quail, kazi yake ikiwa ni kudanganya rada za adui na kisha kupotea. Ndiyo pia inayosukuma ndege za kivita za F-5, zile ambazo Jeshi la Anga la Kenya limekuwa nazo tangu 1978. Ukiwahi kuziba masikio siku ya sherehe za kitaifa F-5 zikipita juu ya uwanja, basi umeshasikia ukoo wa Learjet.

Sasa fikiria injini ya namna hiyo, mbili, kwenye ndege yenye uzito usiofika kilo 5,700. Uzito huo haukuwa bahati. Ulikuwa mpaka wa sheria: chini yake, ndege ilipimwa kwa kanuni za ndege ndogo, kanuni ambazo ziliandikwa watu wakifikiria propela. Lear alipenya kwenye mlango huo. Juni 1964 ndege ya majaribio ilianguka baada ya kupaa na rubani wa serikali akiwa kwenye usukani. Hakuna aliyekufa, ndege ikaungua, na pesa za bima zikaisaidia kampuni iliyokuwa imebanwa kweli kweli. Mwezi uliofuata, Learjet 23 ilipata cheti.

Na ilikimbia, bana. Ilisafiri kwa karibu kilomita 900 kwa saa, sawa na jeti kubwa za abiria. Iliweza kufika futi 40,000 kwa dakika saba na ushei. Mwaka 1966 dada yake, Learjet 24, ilizunguka dunia nzima kwa muda usiofika siku tatu. Frank Sinatra alinunua Learjet. Ndani huwezi kusimama wima, na choo chake tusikizungumzie, lakini nani alijali? Jina Learjet likawa neno la kawaida kwa jeti yoyote ya tajiri, kama vile sisi tunavyoita sabuni yoyote ya unga Omo.

Lakini kasi ile ilikuwa na bei. Bawa lililotengenezwa kwa mwendo mkali halipendi mwendo wa taratibu. Wakati wa kutua, rubani alipaswa kuja kwa kasi kubwa na kuilinda kasi hiyo bila mzaha. Akipunguza kupita kiasi, bawa linaacha kubeba ndege inaporomoka. Wengi waliohamia Learjet walitoka kwenye ndege za propela ambazo zinasamehe. Ajali za miaka ile ya mwanzo zikaipa ndege sifa ya farasi asiyefugika.

Hapohapo Wichita, kulikuwa na kampuni iliyojua wateja wa propela kuliko mtu yeyote. Cessna walikuwa wakiunda vile vindege vya mabawa ya juu ambavyo karibu kila mwanafunzi wa urubani hapa Kenya amewahi kukalia. Swali lao lilikuwa tofauti na la Lear. Hawakuuliza jeti ndogo inaweza kukimbia kiasi gani. Waliuliza: yule mteja wetu mwenye propela mbili, anayetua kwenye viwanja vifupi vya miji midogo, tunaweza kumpa jeti ambayo haitamuua?

Jibu lilipaa tarehe 15 Septemba 1969, likapata cheti mwaka 1971. Citation 500 ilikuwa na mabawa yaliyonyooka, mapana, yasiyoinama nyuma hata kidogo. Injini zake zilikuwa Pratt & Whitney Canada JT15D. Tofauti kati ya injini hizi na zile za Lear ndiyo inabeba hadithi nzima, kwa hiyo nivumilie aya moja.

Injini ya Learjet ya kwanza ilikuwa jeti tupu. Hewa yote inayoingia mbele inabanwa, inachanganywa na mafuta, inachomwa, na inatupwa nyuma kwa kasi ya ajabu. Inasukuma vizuri, lakini inapiga kelele za kupasua anga na inakunywa mafuta kama mtu aliyetoka jangwani. Injini ya Citation ina feni kubwa mbele. Sehemu ya hewa inaingia ndani kuchomwa, na nyingine inapita kando ya kiini bila kuguswa na moto, ikisukumwa na feni tu. Hewa nyingi inayosukumwa polepole inatoa msukumo kwa mafuta kidogo kuliko hewa kidogo inayorushwa kwa hasira. Na kelele zinapungua sana.

Matokeo yake ni ndege iliyokwenda kama kilomita 650 kwa saa. Marubani wa Learjet walicheka mpaka machozi. Lakini Citation iliweza kutua kwenye uwanja mfupi, ilikuja kwa upole, na mwaka 1977 Cessna walipata cheti cha toleo ambalo rubani mmoja angeweza kulirusha peke yake. Kwa mara ya kwanza, daktari wa meno au mwenye maduka aliweza kuwa na jeti na kukaa kwenye usukani mwenyewe.

Hapa ndipo lazima tumtaje Thurman Munson. Alikuwa mdaka mpira na nahodha wa New York Yankees, mmoja wa wachezaji wakubwa wa besiboli wa enzi zake. Familia yake iliishi Canton, Ohio, na yeye hakupenda kukaa mbali nayo. Alijifunza kurusha ndege ili awe anarudi nyumbani siku za mapumziko. Alianza na propela, akapanda ngazi haraka, na mwaka 1979 akanunua Citation ya rubani mmoja. Tarehe 2 Agosti mwaka huohuo, akifanya mazoezi ya kutua uwanja wa Akron-Canton, aliacha kasi ipungue sana, ndege ikagusa ardhi kabla ya kufika uwanjani, ikawaka moto. Wenzake wawili waliokuwa ndani walitoka wakiwa hai. Yeye alikufa akiwa na miaka 32. Ndege iliyochekwa kwa upole wake ilikuwa pole kweli, ila jeti pole bado ni jeti. Ukimpa mtu urahisi, anaweza kuuchukua kama ruhusa.

Learjet nao hawakulala. Bill Lear alikuwa ameuza kampuni mwaka 1967 kwa Gates, watengenezaji wa bidhaa za mpira. Agosti 1973, Learjet 35 ilipaa ikiwa na injini za feni, Garrett TFE731. Miezi miwili baadaye nchi za Kiarabu zikafunga bomba la mafuta na bei ikapanda duniani kote. Learjet 35 ilikuwa imefika wakati mwafaka kabisa: kasi ileile, safari ndefu zaidi, mafuta machache. Zilijengwa mamia, na nyingi zikawa kazi ya mikono mingi kwa miaka mingi.

Tuje sasa kwa upande wa mtu anayetaka kununua jeti kuukuu. Kama umewahi kuvutiwa na gari kubwa la Kijerumani la mwaka wa zamani linalouzwa bei ya gari dogo la Kijapani, tayari unaijua hadithi hii. Unaona ngozi kwenye viti, unaona beji, unaona bei, moyo unadunda. Fundi wako anakutazama kwa huruma. Bei ya kununua imeporomoka. Bei ya spea haijaporomoka hata senti. Gari lilikuwa la bwanyenye likiwa jipya, na linadai matunzo ya bwanyenye mpaka siku litakapouzwa kama chuma chakavu.

Jeti ndiyo hivyohivyo, mara mia. Citation ya miaka ya sabini inaweza kupatikana Marekani kwa bei ya chini kuliko ndege mpya ya propela moja. Ukisikia hivyo unaona kama umeokota dhahabu. Halafu unauliza saa za injini. JT15D inatakiwa kufunguliwa yote na kufumuliwa upya kila baada ya saa 3,500 hivi, na katikati ya safari hiyo sehemu yake ya moto lazima ikaguliwe. Kazi hiyo, kwa injini mbili, inaweza kupita thamani ya ndege yenyewe. Ndiyo maana jeti nyingi kuukuu hazifi kwa ajali wala kutu. Zinakufa mezani, siku mwenyewe anapopewa hesabu ya injini. Zinasukumwa pembeni mwa uwanja, zinavuliwa spea moja moja kuokoa dada zao.

Na ukijaribu kukwepa hesabu hiyo, anga lina njia ya kukukumbusha. Tarehe 25 Oktoba 1999 Learjet 35 iliyotengenezwa 1976 iliondoka Orlando, Florida, kwenda Dallas. Ndani alikuwepo mchezaji gofu Payne Stewart na wengine watano. Redio ilinyamaza muda mfupi baada ya kupaa. Ndege haikugeuka ilipotakiwa kugeuka, ikaendelea kupanda kuelekea kaskazini-magharibi. Ndege za kijeshi zilizoifuata ziliona vioo vimeganda barafu kwa ndani. Iliruka karibu saa nne mpaka mafuta yalipokwisha, ikaanguka Dakota Kusini. Wachunguzi walisema kabini ilipoteza hewa na marubani wakazimia kwa kukosa oksijeni. Kilichoifanya ipoteze hewa hawakuweza kukibaini. Sitaki kusema umri wa ndege ndio uliowaua, kwa sababu hata wao hawakusema hivyo. Nasema tu kwamba kwenye futi 40,000 unaishi ndani ya chupa, na kila valvu ya hiyo chupa ina tarehe yake.

Mbali na injini, kitu kingine kinachozeesha ndege ni sheria. Zamani, juu ya futi 29,000, ndege zilizopishana zilitenganishwa kwa futi 2,000 za kimo. Vipima mwinuko vilipokuwa sahihi zaidi, nafasi hiyo ikapunguzwa kuwa 1,000 ili anga lichukue ndege nyingi: Ulaya mwaka 2002, Marekani Januari 2005, Afrika Septemba 2008. Jeti kuukuu isiyokuwa na vipimo vya kisasa na mtambo wa kushikilia kimo ikaambiwa ibaki chini. Kwa propela hilo si tatizo. Kwa jeti ni hukumu, kwa sababu hewa nzito ya chini inaongeza ukinzani, na injini zinakula mafuta vibaya sana. Safari iliyokuwa ya mruko mmoja inakuwa ya miruko miwili. Kwa hiyo mwenye ndege analipa vifaa vipya, au anauza.

Kisha ikaja kelele. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2012: jeti ndogo za kundi la zamani la kelele mwisho wao ni tarehe 31 Desemba 2015. Learjet 23, 24 na 25, zile zenye damu ya kombora, zikanyamazishwa kwa karatasi, isipokuwa chache zilizofungwa vifaa vya kuzimia sauti. Wazia: mashine nzima, inayopaa vizuri, inageuka kitu cha makumbusho usiku wa mwaka mpya. Citation za umri uleule ziliendelea na kazi Januari mosi kama kawaida. Lile feni lililochekwa mwaka 1971 ndilo lililoziokoa.

Lakini kuokolewa na sheria hakulipi hesabu ya JT15D. Hapo ndipo anaingia mtu mwingine, Sam Williams wa Michigan. Kampuni yake ilikuwa imeunda injini ndogo sana ya feni, F107, yenye uzito wa kama kilo 66, watu wawili wanaibeba. Iliundwa kusukuma makombora ya masafa marefu, yakiwemo Tomahawk. Williams alitaka kitu kingine: jeti ndogo za raia. Akaikuza teknolojia hiyo, ikazaliwa FJ44, ambayo Cessna waliitumia kwenye CitationJet iliyopaa mwaka 1991.

Mafundi wa Texas, kampuni iitwayo Sierra Industries mjini Uvalde, wakaona kitu. Kama FJ44 inaisukuma Citation mpya, kwa nini isifungwe kwenye Citation kuukuu? Wakaitoa JT15D, wakafunga FJ44-2A kwenye Citation za kwanza, wakaiita Stallion. Kwa Citation II wakafunga FJ44-3A iliyo na nguvu zaidi. Faida ilionekana pale pale panapouma. Injini mpya inakunywa kidogo, hivyo ndege inakwenda mbali zaidi kwa matangi yaleyale. Inashikilia msukumo wake vizuri zaidi kwenye kimo, hivyo ndege inapanda moja kwa moja hadi anga jembamba, badala ya kusimama njiani ikingoja kuchoma mafuta ili iwe nyepesi. Gharama? Ilipita bei ya ndege yenyewe. Kuna waliolipa, kwa sababu fremu ya Citation ilikuwa na miaka mingi mbele yake, na bawa lake nene lililonyooka halikuwa na siri.

Nikisoma habari za kupanda na hewa nyembamba, akili yangu hurudi Wilson. Uwanja ule uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa yake, hata siku ya baridi, ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa, na jua la Februari linaipunguza zaidi. Injini inapata hewa kidogo ya kuchoma, bawa linapata hewa kidogo ya kulalia, na njia ya kurukia ni ileile ya kilomita moja na nusu. Hapo kasi ya juu kwenye brosha haikusaidii. Unataka bawa linalobeba mapema, breki, na injini isiyozimia kwa kimo. Wale wateja wa miji midogo ambao Cessna walikuwa wakiwawazia mwaka 1969 walikuwa Wamarekani, lakini maelezo yao yanaufaa Wilson kama yaliandikwa kwa ajili yake. Haishangazi kwamba Citation ni sura ya kawaida pale.

Na kazi ya jeti hizi nayo imebadilika. Duniani kote, Learjet 35 nyingi ziliondolewa viti vya ngozi zikafungwa machela. Kabini ile nyembamba ambayo wakurugenzi walilalamikia inatosha mgonjwa mmoja, daktari, muuguzi na mtungi wa oksijeni. Mgonjwa haulizi ndege ni ya mwaka gani. Anayeuliza, na anayepaswa kuuliza kwa niaba yake, ni fundi mwenye kitabu cha ukaguzi mkononi. Kwangu mimi hapo ndipo kitu cha kifahari kinapopata heshima, na ndipo pia hesabu ya matunzo inakuwa nzito kuliko wakati wa Sinatra, kwa sababu aliyelala ndani hakuchagua kupanda.

Learjet zaidi ya 3,000 zilitengenezwa kwa karibu miaka 60. Citation zimepita 7,000 na bado zinahesabiwa. Bill Lear alifariki mwaka 1978, na nadhani angecheka kuambiwa kwamba ndege ile ya polepole ingeizika yake. Lakini bila yeye, Cessna wasingejua kwamba kuna mtu wa kununua jeti ndogo. Yeye alifungua mlango kwa kasi. Wao waliingia taratibu, wakakaa.

Kwa hiyo siku ukiona tangazo la jeti kuukuu kwa bei ya nyumba ya Nairobi, na najua unaangalia, sote tunaangalia, uliza maswali matatu kabla ya kuuliza rangi ya viti. Injini zimebakiza saa ngapi? Vifaa vyake vinaruhusiwa kupanda juu ya futi 29,000? Na nani, ndani ya saa chache kutoka hapo ulipo, anajua kuifungua na kuifunga? Kama swali la mwisho halina jibu, rudi kwenye gari lako. Hilo angalau likizima, unaegesha kando ya barabara.